Nusu Meza

Mimi nilinunua nusu.
Nusu ya pili ilikwenda Bugembe,
nasikia ikawa mlango wa banda la kuku.
Mwaka wa sabini na tatu, mnada wa mali isiyo na mwenyewe,
ndivyo mnadi alivyopaza sauti, isiyo na mwenyewe,
nasi tukanyoosha mikono bila kutazamana.
Shilingi kumi na nane: mbao nzito, kijani,
mstari mweupe ukingoni.
Nikaitandika blanketi barazani kwangu, hapa Jinja,
nikapakia pasi ya makaa.
Miaka ishirini na mmoja nimenyoosha kola juu yake.

Akaja mama wa Kihindi.
Viatu vya raba chini ya sari, ndivyo vilivyonifanya nimtazame.
Hakuleta nguo.
Alilifunua blanketi polepole
kama unavyomfunua mtoto aliyelala,
akapapasa ukingo, akakuta kovu dogo la mbao.
"Hili," akasema, "ni jino langu."
Akafungua kinywa nikaona pengo.

Vasanti, wa duka la Raichura, mafuta ya taa na vibiriti.
Kiswahili chake cha dukani, changu cha cherehani;
tukaviunga, vikatosha.

Ukumbi wa jumuiya, Jumapili.
Meza ilikuwa ya wanaume tangu asubuhi,
wasichana walipewa saa ile ya wanaume kula.
"Ubingwa wangu wote," alisema, "niliupata wali ukipoa."
Sitini na sita, Mbale.
Sitini na saba, Kampala, watatu kwa siku moja,
wa mwisho akilia kabla hajafungwa.
Nairobi akafika fainali, akarudi na kikombe
ambacho baba yake alikitia penseli za kuandikia madeni.

Kisha posa.
Mama mkwe hakukataza. Alisema tu,
"Mkono huo utakanda unga."
Raketi ikazama katika pipa la unga wa dengu,
na usiku, mume akikoroma,
Vasanti alitumbukiza mkono hadi kiwikoni,
akaushika mpini,
akaushika tu,
akautoa mkono wa manjano, akanawa, akalala.

Siku tisini. Sanduku moja.
Kizuizini askari aliibandua ile raba akitafuta dhahabu.
Akakuta gundi.

Huko Ulaya, kiwanda cha soksi, zamu ya usiku.
Chini ya hekalu palikuwa na meza,
na kina mama wa Masaka, wa Soroti, wa Kabale,
magoti mabovu, raketi za kuazima,
wakipigana kama wanaogombea shamba.
Waume walipasha wali wenyewe.
"Ulikuwa bingwa?" nikamuuliza.
"Bingwa wapi! Yule wa Soroti alinifunga
kila Alhamisi, miaka kumi na mmoja."
Alicheka mpaka akashika nguzo.

Nikamwambia, meza ni yako, chukua.
"Nusu meza nitaipeleka wapi?"
Tukaisukuma ikagota ukutani.
Akatoa mpira ndani ya mkoba,
akanipa raketi yake, yeye akachukua kibao changu cha kukunjia mashati.
Mmoja anapiga, ukuta unarudisha, mwingine anapokea.
"Ukuta hauchoki," alisema,
"wala haukuulizi umeolewa na nani."
Hesabu ilikuwa ya zamani, hadi ishirini na moja.
Mashati ya mwalimu mkuu yalingoja kwenye beseni.

Alinipita mbali, tuseme ukweli.
Mpira wake ulikata kona kama mkasi mpya.
Lakini upande wa kushoto, karibu na ukuta,
pana doa jeusi nilipounguza mbao mwaka wa sabini na tisa,
redio ikitangaza vita, mimi nimeisahau pasi.
Mpira ukigonga pale unaruka kombo.
Mimi napajua. Yeye hapajui.
Pointi zangu tatu zote nilizipatia hapo.

Ya tatu ilipompita, aliinama
akalitazama lile doa kwa muda,
akalisugua kwa kidole gumba.
"Hili halikuwapo," akasema.

Kisha: "Tena."